Mtoto wa Watu Katika Gauni la Njano

Mimi sipendi mteja wa asubuhi. Asubuhi ni ya kupangusa vumbi, kunywa chai na kuulalamikia umeme wa Kasulu, basi. Kwa hiyo Jumanne ile binti alipobisha kabla sijafungua hata dirisha la pili, nilimjibu kwa sauti ninayojulikana nayo mtaa mzima: "Studio ina saa zake, mwanangu!" Naye akasema taratibu, kwa Kiswahili chenye Kiha ndani yake kama changu, "Nisamehe mama, tuna msiba." Mtu akishasema hivyo ubavu wa kufoka unakuishia. Nikamfungulia. Alikuwa wa miaka ishirini na kitu, kitenge amekifunga kiunoni kimsiba, viatu vimejaa vumbi jekundu. Jina lake Furaha, anatoka Nyabibuye, mama yake wamemzika Jumamosi. Akaweka juu ya kaunta kadi ya kupigia kura ya marehemu, akaomba niikuze ile sura ipate kuwekwa ukutani siku ya kumaliza matanga. Halafu akatoa Biblia kwenye mfuko, na ndani ya Biblia karatasi ya nailoni, na ndani ya nailoni picha ya rangi iliyoanza kupauka. "Na hii, mama, nina swali nayo."

Niliona gauni kabla sijaona sura. Gauni la njano, lesi nyeupe shingoni, na kifungo cha pili kutoka juu ni cheusi, maana cha njano kilipotea na mimi mwenyewe ndiye niliyekishona hicho cheusi. Ikabidi nikae kwenye kiti cha wateja. Ndipo nikaichukua ile kadi ya kura na kuitazama vizuri. Uzee ulikuwa umempitia, mashavu yamebonyea, lakini macho yalikuwa yaleyale. Nilimjua. Nikamwambia Furaha, "Ngoja kwanza niwashe mashine," na mashine ilikuwa imeshawaka. Nikammiminia chai, nyingine ikaingia kwenye kisosi.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka kumi na tisa. Habari za kwetu, nani alimzaa nani na nani aliniachisha shule, hazihusiki hapa. Nilikuwa Kibondo, nikifanya kazi kwa Mzee Shabani, mtu wa Pangani aliyefuata biashara bara na kunasa huko huko. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati. Mbele ya pazia kaunta na kioo cha kujitazamia, nyuma yake ukuta uliochorwa maporomoko ya maji na ndege ikipita juu, kiti cha mbao chenye mto mwekundu, na maua ya plastiki niliyoyaosha kila Ijumaa. Pembeni kulikuwa na nguo za kuazima: koti jeusi moja, tai mbili, gauni la njano la watoto wa kike, na saa ya mkononi iliyokufa zamani. Ukiingia leo kwenye nyumba za Kibondo ukatazama picha za mwaka ule, wanaume wote wamevaa koti lile na kwao wote ni saa nne na robo. Watoto wa kike wote wamevaa njano. Kwa mwembamba tulikaza nyuma kwa pini, kwa mnene tuliacha zipu wazi mgongoni, mbele haionekani.

Mzee Shabani alinifundisha kazi kwa kunigombeza. "Usimkate mtu miguu, Speransia! Picha ya nusu ni ya ofisini. Huyu analipa aonekane mzima." Ni kweli, watu wa huku wakipokea picha walianza kuhesabu viungo, na ukimkata mtu vidole vya miguu ana haki ya kukutukana. Alinifundisha nisimwambie mtu acheke, kwa sababu picha kwao haikuwa mzaha. Alinifundisha kumshika mtu kidevu kwa vidole viwili, kwa adabu, na kumgeuza taratibu akaielekea taa. Na alinifundisha kupiga hewa. Hili sikuwahi kulisema mbele ya mtu mpaka Jumanne ile.

Mkanda mmoja ulikuwa na picha thelathini na sita. Zikiisha zimeisha, na mikanda ilipatikana Kigoma, ambako ndiko tulikopeleka na picha zikasafishwe. Sasa siku ya soko watu wanakuja wamejipaka mafuta, wamekopa viatu, wametembea toka alfajiri. Utawaambiaje warudi? "Mteja aliyekwisha jipaka mafuta harudishwi," Mzee alikuwa akisema. Kwa hiyo unamkalisha, unamgeuza kidevu, unafyatua, taa inamulika, anaridhika, na ndani ya kamera hamna kitu. Wiki mbili baadaye anakuja, unamwambia, "Pole ndugu yangu, imeungua kwenye mashine Kigoma. Kaa nikupige nyingine, na nyongeza juu." Watu walinung'unika, wakacheka, wakakaa tena. Hilo tuliliita kupiga hewa. Sikuona dhambi yake, maana kila mtu alirudi.

Ikaja wiki ya mvua, Mzee yuko Kigoma, na barabara imekatika kwenye daraja. Niliachwa peke yangu na mkanda mmoja. Nilijiona bosi, nikawa natembea na kamera shingoni hadi sokoni kununua nyanya. Siku ya soko ule mkanda uliisha kabla ya adhuhuri, na foleni ilikuwa bado imekaa ukutani. Wengine wote niliowapigia hewa mchana ule nimeshawasahau. Mmoja sikumsahau.

Aliingia mama mwembamba na mtoto mgongoni. "Mwakeye," akanisalimu. Akamteremsha mtoto, msichana wa miaka minne hivi, akamsimamisha, na mtoto akaegemea kaunta. "Anaitwa Oliva," mama akasema. "Mpige huyu kwanza, halafu nimpeleke hospitali."

"Anaumwa nini?"

"Homa. Siku ya nne hii. Ila amenililia picha tangu Pasaka, nikamwahidi siku tukifika mjini. Akishachomwa sindano atavimba macho kwa kulia, picha itaharibika."

Niliona. Asije mtu akanitetea kwamba nilikuwa mdogo, sikuona. Nilimvalisha gauni mwenyewe, nikalikaza nyuma kwa pini nne, na mgongo wake ulikuwa unachoma hata juu ya nguo. Ningeweza kusema, "Mama, sina mkanda, kimbilia hospitali." Maneno matano. Lakini foleni ilikuwa inasikiliza, na mimi ndiye bosi wa siku ile, na ukimwambia mmoja huna mkanda umewaambia wote. Nikambeba mpaka kwenye kiti. Akajiweka sawa mwenyewe, mikono juu ya magoti, akaniuliza, "Nitaonekana na miguu?"

"Utaonekana yote," nikamjibu.

Akaikazia macho ile kamera kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Nikafyatua. Taa ikamulika, mama akapiga makofi, Oliva akasema, "Tayari?" Nikasema tayari. Nikawaambia warudi baada ya wiki mbili.

Siku hizi vijana wananijia na simu zenye picha elfu tatu, wananiambia, "Mama, chagua yoyote nzuri." Mtu ana picha za wali aliokula mwaka juzi! Nawafokea, nao wanacheka, wanasema mama Spe ana hasira za bure. Hawajui kwamba kuna mtoto aliyeishi miaka minne mizima, akapigwa mwanga mara moja tu, na mwanga ule haukushika popote.

Siku ya tatu kondakta wa basi aliniletea kifurushi, Mzee amenitumia mikanda mitano. Sikufunga hata mlango. Nilitia mkanda kwenye kamera nikiwa natembea, nikapandisha kilima cha hospitali nusu nakimbia, matope mpaka magotini, gauni la njano nimelikunja kwapani. Nilikuwa nimekwisha panga la kusema: ile ya kwanza sikuipenda, nataka nimpige tena, bure, hata kitandani. Wodi ya watoto ilinuka dawa na uji. Nikapita kitanda hadi kitanda. Muuguzi alikuwa anafuta godoro la plastiki kwa kitambaa. Nikamuuliza, "Mtoto wa Nyabibuye, Oliva, kalazwa wapi?" Hakuacha kufuta. "Yule? Wamemchukua alfajiri. Limepatikana lori." Nikauliza kijinga kabisa, "Amepona?" Hapo ndipo aliponitazama, mimi na kamera yangu. "Wewe ni ndugu?" Nikasema hapana. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikamlilia mtoto ambaye sikuwa hata namjua, na nikajililia na mimi.

Mama yake alikuja wiki mbili kamili zilipotimia. Toka Nyabibuye ni nusu siku kwa lori likipatikana, na lisipopatikana ni miguu, unalala njiani kwa wasamaria wema. Alikuwa amenyoa nywele. "Nimefuata picha ya mwanangu," akasema. Sikuweza hata kumpa pole. Nikamwambia, "Bado, mama. Ziko Kigoma." Akashukuru. Akatazama kile kiti kupitia upenyo wa pazia, akaondoka.

Nilimweleza Mzee Shabani kila kitu, nikilia. Alizungusha tasbihi yake. "Mwambie imeungua," akasema mwishowe. "Imekwisha, imeungua. Atalia mara moja, atapoa. Ukimwacha anangoja utamuua." Alikuwa na akili yule mzee, Mungu amrehemu, ila ilikuwa akili ya kutafuta uongo ulio bora. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kusema kweli. Kusema kweli kungeifunga studio.

Basi alipokuja mara ya pili nikamwambia. Imeungua, mama. Akashika kaunta.

"Yote?"

"Yote."

"Basi nipe hiyo iliyoungua."

"Haionekani kitu, mama. Ni nyeusi tupu."

"Nipe hiyo nyeusi. Nitajua mimi yuko wapi humo ndani."

Yoo! Ningemwambia nini? Hata nyeusi sikuwa nayo. Angeniomba majivu ningekosa majivu. Alikuwa amenyoosha mkono juu ya kaunta, kiganja wazi, anangoja niweke kitu. Na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Ngoja, mama. Pengine si yako iliyoungua. Pengine yako bado iko Kigoma, nitaulizia." Uso wake ulivyofunguka sipendi kuukumbuka. Mzee alikuwa nyuma ya pazia. Mama alipotoka, Mzee akatokeza kichwa, akasema, "Sasa umeharibu, mwanangu." Hakunigombeza hata kidogo, na hilo liliniogopesha zaidi.

Nyuma ya studio, ng'ambo ya ukuta wa mbao nyembamba, Mama Hadija alikuwa akiuza chakula. Moshi wake ulitupenya, na maneno ya wateja wake pia. Mchana ule nilikuwa nimekaa chini na bakuli la ugali wa muhogo na dagaa, haushuki, naubinya tu vidoleni, nikamsikia Mama Oliva ng'ambo. Alikuwa anasubiri lori. Mama Hadija akamwambia ale, Mungu ndiye mpaji. Akajibu polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili: "Dada, naanza kumsahau. Miguu yake naikumbuka. Mikono naikumbuka, na sauti. Uso unanikimbia. Usiku nafumba macho nautafuta, siupati. Ni mama gani anasahau uso wa mtoto wake?" Mama Hadija akasema, "Si utapata picha?" Naye akasema, "Ndiyo hiyo inayoniweka hai." Nikausukuma ule ugali mbali.

Chini ya kaunta tulikuwa na sanduku la picha ambazo wenyewe hawakuzifuata. Wakimbizi wa kambini waliorudishwa kwao, waliohama, waliokosa hela. Mzee aliliita sanduku la mayatima. Nilingoja aende msikitini, nikalimwaga sakafuni. Njano zilikuwa nyingi. Niliwatazama watoto wale mmoja mmoja, huyu mnene, huyu mkubwa, mpaka nikampata mmoja wa rika lake, mwembamba, mikono magotini. Alikuwa ametikisika kidogo taa ilipowaka, kwa hiyo uso haukutulia vizuri. Kiti ni kilekile, maua ni yaleyale, maporomoko na ndege. Miguu yote ilionekana. Nikajiambia: mama anausahau uso, huu utampumzisha. Nikajiambia ni sadaka. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini mimi yangu nilikuwa nairefusha kila siku ya soko, na kila hatua niliipa jina zuri.

Alipokuja mara ya tatu nilimpa. Alifuta mikono kwenye kitenge mara mbili kabla ya kuipokea. Akaitazama. Mimi nilishika kaunta kwa chini. Kidole chake kilipita juu ya gauni, kikashuka miguuni, kikapanda usoni, kikasimama karibu na sikio. Kilikaa hapo.

"Ni gauni lile," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na kiti kile."

"Ndiyo."

Akainua macho, akanitazama mimi, si picha. Akanitazama sana. Halafu akanishukuru kwa Kiha, "Murakoze, mwana wanje. Mungu akubariki," akaiweka picha kifuani ndani ya nguo, akaondoka. Nilijiambia ameamini. Baada ya siku chache dereva wa lori aliniletea chupa ya asali, "zawadi ya mama wa Nyabibuye". Sikuionja. Nilimpa Mama Hadija, akaisifia mwezi mzima. Mwaka haukuisha nikamuaga Mzee Shabani, nikahamia Kasulu. Watu waliniuliza sababu, nikasema baridi ya Kibondo. Na hapa Kasulu, enzi zote za mikanda, sikupiga hewa hata mara moja. Wateja wenye mafuta yao na viatu vya kukopa niliwarudisha, wakanitukana, nikakubali. Nilidhani hivyo ndivyo mtu anavyolipa.

Furaha alikuwa amemaliza chai. Nikamuuliza, nikijifanya natafuta waya, "Swali lako ni nini, mwanangu?"

"Huyu mtoto," akasema, akiigusa picha kwa pembeni. "Watu wameniambia wewe ndiye mpiga picha wa zamani kuliko wote hapa, pengine utamjua. Mama alikuwa na mtoto kabla yangu, Oliva. Alikufa. Mama akapewa picha hii kwamba ndiye. Lakini siye. Tazama sikioni." Nikavaa miwani. Kwenye ndewe ya sikio kulikuwa na uzi mweusi, ule tunaowatia watoto wakitobolewa. Miaka yote ile sikuwahi kuujua. "Oliva hakuwa ametobolewa," Furaha akasema. "Mama aliona palepale studio."

"Mbona hakusema?"

"Alisema dada wa studio alikuwa anatetemeka. Akamwonea huruma, akaona pengine atafukuzwa kazi. Mama alidhani picha zimebadilishana huko Kigoma, ilikuwa inatokea. Kwa hiyo akasema, kama mimi ninaye wa mwenzangu, basi mwenzangu anaye wangu. Akamtunza huyu ndani ya Biblia asipauke, ili mwenyewe akija amkute mzima. Na yeye akawa anamtafuta Oliva. Mama yetu alikuwa hapiti kwenye msiba wala harusi bila kuomba aoneshwe picha za ukutani. Kakonko, Kibondo, huku Kasulu, hata Manyovu alikwenda, alisikia kuna mama ana picha ya mtoto asiyemjua. Watu walimwita Mama Picha, wakimcheka. Siku za mwisho akaniambia: mtoto wa watu mrudishe kwao, na wa kwetu mumlete nyumbani."

Alinitazama kwa macho ya mama yake, anangoja. Kiganja chake kilikuwa wazi juu ya kaunta. Ningeweza kusema simjui. Angeamini, angeshukuru, angekwenda studio ya pili, na ya tatu, na akizaa angemrithisha mwanawe kazi hiyo.

"Kaa chini, Furaha," nikasema. "Dada wa studio ni mimi."

Nikamwambia yote: mkanda, foleni, pini nne, hospitali, sanduku. Nilisema sina mkanda, maneno yaleyale, nimechelewa karibu miaka thelathini. Hakulia wala hakunitukana, ingawa nilikuwa namngoja anitukane. Aliniacha nimalize, akauliza swali moja.

"Kwa hiyo Oliva hayuko kwa mtu yeyote?"

"Hayuko."

"Mama alikuwa anatafuta hewa."

"Ndiyo, mwanangu."

Nikamkuzia picha ya mama yake. Sikuwahi kufanya kazi kwa uangalifu namna ile. Aliipokea kwa mikono miwili, akaikunjia kitenge, akasimama. Nikamsogezea ile picha ndogo na nailoni yake. Akairudisha upande wangu.

"Huyu baki naye wewe," akasema. "Mtafute mama yake."

Yuko dirishani sasa, nimemwekea fremu, nimemkinga na jua. Wateja wanadhani ni tangazo la studio, wananiuliza kama gauni lile bado linaazimwa. Na akiingia mama yeyote wa umri wa mama yake Furaha, hata awe amefuata paspoti tu, kabla sijamkalisha wala kumgeuza kidevu, namshika mkono, nampeleka dirishani, namuuliza: mama, mtazame vizuri, huyu si wako?